Nguruwe wa Porini na Upinde: Somo la Siku Mbili



Mwezi uliopita wengi waliona jina la kapita wenu limeandikwa juu kabisa katika daftari la wachelewaji. Wengine walicheka. Wengine walikuja mpaka kitandani kwetu kuuliza: « Namna gani mwenye kuandika majina ya wengine anajiandika yeye mwenyewe? » Tuliomba kwa prefe ruhusa ya kujibu katika gazeti letu. Alikubali, lakini alisema: « Isiwe masimulizi ya bure. Iwe somo, watoto wapate kitu. » Basi hili ni somo. Lina sehemu nne, na maswali mwishoni.

SEHEMU YA 1: WANYAMA WENYEWE

Watu wengi hapa Aru wanasema « nguruwe wa pori » kana kwamba ni mnyama mmoja tu. Sivyo. Katika nchi yetu kuna aina nne.

(a) Ngiri (Phacochoerus africanus). Ni mnyama wa mbuga za majani. Anatembea mchana, anakula majani akipiga magoti ya mbele, na akikimbia mkia wake unasimama wima kama kijiti. Usiku analala katika shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga. Anaingia kinyumenyume, ili meno yake yaangalie mlango. Mwenye kuingiza mkono humo atajua juu ya nini tumeandika neno hili.

(b) Nguruwe mwekundu wa msitu (Potamochoerus porcus). Huyu ni wa msitu mkubwa, kama ule wa upande wa Mambasa. Manyoya yake ni mekundu, na masikio ni marefu yenye nywele kwenye ncha.

(c) Ndugu yake wa mashariki na kusini ya Afrika (Potamochoerus larvatus). Rangi yake ni ya kahawia au nyeusi. Anapenda vichaka vizito karibu na maji, na kazi yake anaifanya zaidi usiku.

(d) Nguruwe mkubwa wa msitu (Hylochoerus meinertzhageni). Ni mweusi, tena anapita wote kwa ukubwa. Dume anaweza kupita kilo 200. Wataalamu wa Ulaya walimpa hilo jina mwaka 1904 tu. Watu wa msitu walikuwa wanamjua, kumwinda na kumla toka zamani za mababu. Basi tusifikiri kwamba kitu kinaanza kuishi siku kinapoandikwa katika kitabu.

Wale wanaoharibu muhogo, viazi na karanga ni hasa hawa wa jina Potamochoerus. Mkubwa wao anaweza kuwa na kilo 50 mpaka 120 hivi. Wanatembea kwa kundi, dume mmoja na majike na watoto. Watoto wana mistari mgongoni kama malenge. Macho yao si makali, lakini pua! Pua yao ni jembe na tena ni mlinzi. Wanachimba kwa pua, na kwa pua wanajua mtu yuko wapi. Kundi moja likiingia shambani usiku mmoja, asubuhi utafikiri watu kumi walilima wakiwa walevi.

SEHEMU YA 2: UPINDE NA SHERIA YAKE

Upinde si silaha ya mchezo. Kwa Walugbara wa zamani mwanaume hakutembea mbali bila upinde na mishale yake. Vyuma vya mishale na majembe vilitoka kwa wahunzi, na katika sehemu zetu Waokebo, wanaoitwa pia Wando, walijulikana sana kwa kazi ya chuma. Hata leo moja ya shefferi za territoire yetu inaitwa Ndo.

Katika msitu wa Ituri kuna desturi mbili. Wambuti wengine wanawinda kwa nyavu: wanaume wanashika wavu, wanawake na watoto wanafukuza nyama kwa kelele. Lakini Waefe ni watu wa upinde. Wanajua kungoja kimya karibu na mti wenye matunda, na wanajua kuwinda pamoja na mbwa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa letu lilipoanzia. Risasi inavunja na kuangusha. Mshale hauangushi. Mshale unakata, na mnyama anakufa kwa kutoka damu. Kwa hiyo mambo matatu ni ya lazima:

— Ukaribu. Hatua kumi na tano au ishirini, si zaidi.
— Upande. Mnyama asimame ubavu, mshale uingie nyuma ya mkono wake wa mbele, mahali pa mapafu na moyo. Akikuangalia uso kwa uso kuna mfupa mzito. Dume tena ana ngozi nene kama gome juu ya mabega.
— Kungoja. Ukisha kupiga, kaa chini. Mnyama asiyefukuzwa analala karibu. Anayefukuzwa anakwenda mbali na kufia mahali usipopajua. Kama mshale umeingia tumboni, ni kungoja saa nyingi sana.

Kuna tena sheria ya Serikali. Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayopanga mambo ya uwindaji katika nchi yetu, inadai ruhusa. Iko tena sheria 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe. Na ndani ya hifadhi, kama Garamba iliyoanzishwa mwaka 1938 kule upande wa Faradje na Dungu, hakuna mtu anayeingia kuwinda hata kwa manati. Msiseme « mababu waliwinda popote ». Mababu hawakuwa wengi kama sisi, na nyama hawakuwa wachache kama leo.

SEHEMU YA 3: YALIYOTUPATA

Mwenzetu wa mwaka wa sita, ambaye tunalala naye chumba kimoja, alipata habari kutoka nyumbani: nguruwe wameingia katika muhogo wa mama yake. Shamba lile lilikuwa ndilo feza yake ya Mtihani wa Serikali. Alikuwa amelipa nusu, nusu nyingine ilikuwa bado ndani ya udongo. Usiku ule hakusoma. Alikaa tu anaangalia taa.

Tuliomba ruhusa ya siku mbili: kutoka siku ya posho asubuhi, kurudi siku ya yenga saa kumi na moja ya mangaribi. Ruhusa iliandikwa na kutiwa sahihi. Tulichukua kinga moja, mmoja anaendesha, mmoja anakaa nyuma, na kwenye milima wote wawili tunasukuma. Ni kilometa karibu thelathini.

Shamba liko kwenye mteremko, na chini yake kuna kijito chenye kichaka kizito. Wale wa jiografia wakumbuke: mpaka wetu na Uganda unafuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Maji ya upande wa pili yanakwenda Nile. Maji ya kijito kile yanakwenda Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi, mwisho mto Kongo. Lakini siku ile hatukuangalia maji. Tuliangalia muhogo. Mistari saba mizima ilikuwa imepinduliwa, mizizi imetafunwa nusu na kuachwa. Mama alikuwa anaokota vipande katika kitunga, bila kusema kitu.

Babu wa mwenzetu ni mzee aliyefanya kazi zamani Mongbwalu katika dhahabu ya Kilo-Moto. Kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kule. Yeye alikuwa amekwisha kumwona shefu wa kijiji na kupata neno la kulinda shamba. Alitutolea pinde mbili na mishale sita. Mchana kutwa alitufanya tupige shina la mgomba kwa hatua kumi na tano. Mwenzetu alipata mara nyingi. Sisi tulipata mara chache, lakini hatukutaka kuonekana wadogo.

Saa kumi tulikaa nyuma ya kichuguu. Babu alimwaga jivu kidogo hewani kuona upepo: ulitoka kwenye kichaka kuja kwetu, vizuri kabisa. Akasema:

« Batoto, musikie. Nyama akitoka, mumungojee ageuke. Akibakia kuangalia huku, mumuache. Akirudi mu pori, mumuache. Kesho iko. »

Walitoka jua likiwa linazama. Kwanza sauti, kisha majani yalitingishika, kisha jike mmoja, watoto wanne, na nyuma dume mkubwa. Moyo wetu ulipiga mpaka tukafikiri wataisikia. Dume alikuja karibu. Alisimama akituangalia, akageuka nusu, kama mtu anayetaka kuondoka. Mwenzetu hakuvuta. Babu hakusogea. Sisi tulisema moyoni: anakwenda, na muhogo utakwisha, na rafiki yetu hatafanya mtihani. Tukavuta na kuachia.

Mshale ulimwingia nyuma ya mbavu, tumboni. Alilia mara moja, na wote wakapotea kichakani. Tuliruka tumfuate. Babu alitushika shati.

« Muko na haraka ya nini? Huyu ameumia na ana hasira. Mu giza meno yake inaona kuliko macho yenu. Tutangojea asubui. »

Hakutugombeza. Ingekuwa heri angetugombeza. Tulikula bugali na sombe bila kusikia utamu. Usiku mwenzetu alisema polepole: « Alikuwa bado hajageuka. » Tulimjibu: « Tunajua. » Ndiyo maneno yote tuliyosemezana usiku ule.

Alfajiri babu alituamsha kwa neno ambalo hatukulifikiri. Njia ya watoto kwenda kuteka maji inapita kando ya kichaka kile kile. Nguruwe aliyeumizwa anashambulia, na meno ya dume yanaweza kupasua paja la mtu mzima. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba kuonya. Sisi tulisimama njiani na mapanga, tukarudisha watoto na bidoni zao, wengine wakilia kwa sababu maji ya mbali ni safari. Mtoto mmoja aliuliza: « Nani alimupiga vibaya? » Tulinyosha mkono.

Kengele ya ibada ililia, nasi bado tulikuwa tunafuata damu. Tone hapa, jani moja pale, kisha hakuna kitu, kisha tone tena. Babu alikuwa mbele na mkuki, mwenzetu nyuma yake, sisi mwisho. Mchana ulipofika bado hatujamwona. Mwenzetu akasema: « Kapita, tuondoke sasa. Tukiondoka sasa tutafika kwa saa yetu. Babu atamaliza na vijana wa hapa. Utaharibu jina lako. »

Neno lake lilikuwa la kirafiki, na tulilipenda sana. Lakini tulimwangalia babu, umri wake, na ule mkuki, na tuliona kwamba mshale uliomo ndani ya mnyama ule haukuwa wa babu wala wa vijana wa kijiji. Tulibaki.

Tulimkuta saa nane, amekufa chini ya mizizi ya mti mkubwa ukingoni mwa kijito. Alikuwa dume wa kilo themanini labda. Tulifurahi dakika moja. Babu alimpasua, akanusa, akatingisha kichwa. Mshale ulikuwa umetoboa matumbo, na mnyama amelala hivyo usiku na nusu ya mchana katika joto. Nyama ilikuwa imeharibika.

Sasa mjue hasara ilikuwa wapi. Mama alikuwa amepanga kuita majirani kung'oa muhogo uliobaki mbele nguruwe hawajarudi, na desturi ni kwamba ukiita watu kwa kazi unawapikia. Nyama ile ndiyo ingekuwa chakula chao. Bila chakula, hakuna kazi ya pamoja. Bila kazi, muhogo hautafika soko la Ariwara kwa wakati. Mshale mmoja wa haraka ulivunja mambo matatu.

Tena babu hakukubali tumtupe porini. Tulichimba shimo refu, tukamzika na matumbo yake yote, tukaweka mawe juu. Tuliuliza kwa nini taabu hii. Hapo ni lazima tueleze, kwa kuwa wengi wenu wazazi wenu wanafuga nguruwe.

Kuna ugonjwa unaoitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Uliandikwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo huko Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe wa porini wanaweza kuwa na vijidudu vyake bila kuonekana wagonjwa. Lakini ukiingia kwa nguruwe wa nyumbani, karibu wote wanakufa, mara nyingi kwa siku chache. Unapita kwa damu, kwa nyama, kwa mabaki ya jikoni, kwa viatu na mapanga yenye damu, hata kwa kupe. Mtu hapati ugonjwa huu, lakini anaubeba mpaka kwenye zizi lake mwenyewe. Kwa hiyo mwindaji asiwape nguruwe wa nyumbani mabaki ya nguruwe wa porini. Aoshe panga na viatu kwa sabuni. Na nyama iliyo nzuri ipikwe mpaka iive kabisa ndani, kwa sababu nyama ya nguruwe mbichi inaweza kuwa na minyoo inayoingia kwa mtu.

Tuliondoka saa kumi. Mvua ilitukuta kwenye mlima wa pili. Tulifika shuleni saa mbili za usiku.

Karibu na ukuta mwenzetu alisema tena: « Daftari la wachelewaji ni wewe unalishika. Tupite nyuma ya jiko. Nani atajua? » Hatutaficha: tulisimama pale katika mvua muda kidogo, tukifikiri. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini juma lile lile tulikuwa tumeandika jina la mtoto wa mwaka wa kwanza aliyechelewa dakika kumi kwa sababu ya tairi la kinga, naye alikata majani siku mbili. Tulipita mlango mkubwa, tukasalimu mlinzi, tukafungua daftari. Jina letu kwanza, kisha jina la mwenzetu, kisha saa. Direktere wa nidhamu alisikiliza maelezo yote, akasema sababu ni nzuri na adhabu ni ile ile: siku tatu za kukata majani. Alisema haki.

SEHEMU YA 4: MAFUNZO

La kwanza. Huruma isiyongoja inaweza kuumiza yule unayemhurumia. Tulipiga kwa sababu tulimpenda rafiki yetu. Upinde haukuuliza kama tunampenda, uliuliza kama mnyama amegeuka.

La pili. Mshale ukisha kutoka ni wako mpaka mwisho. Huwezi kumwachia mzee, wala watoto wa maji, kazi ya kumaliza kosa lako. Na kama kumaliza kunakuchelewesha, lipa bei ya kuchelewa vilevile. Usitafute kulipa moja na kusamehewa la pili.

La tatu. Mwenzetu alipiga shina la mgomba vizuri kuliko sisi, na jioni ile hakupiga kitu. Yeye ndiye mwindaji, si sisi. Kutopiga nako ni ufundi.

Siku za posho mbili zilizofuata, kwa ruhusa ya maandishi, tulirudi kule. Hatukubeba upinde, tulibeba jembe. Tuling'oa muhogo pamoja na mama, tukamenya, tukaanika kwenye jiwe. Ni kazi ambayo majirani kumi wangeifanya kwa siku moja, sisi ilituchukua siku mbili na mikono yenye malengelenge. Nguruwe hawakurudi upande ule. Muhogo ulikwenda Ariwara, na juma lililopita mwenzetu alimaliza kulipa feza ya mtihani. Alituonyesha karatasi ya malipo, akaikunja, akaweka ndani ya kitabu cha hesabu. Hakusema kitu juu ya mshale, na mpaka leo hajasema.

MASWALI (kwa mazungumzo ya jioni, kila chumba kijibu)

1. Taja aina nne za nguruwe wa porini. Ni zipi zinaharibu mashamba ya kwenu?
2. Kwa nini mwindaji wa upinde anakaa chini mara tu baada ya kupiga?
3. Nguruwe wa porini anaonekana mzima. Eleza namna anavyoweza kuua zizi zima la nguruwe wa nyumbani.
4. Mwenzetu alitaka tuondoke mchana, kisha alitaka tupite nyuma ya jiko. Je, alikuwa rafiki mbaya? Toeni sababu.
5. Taja jambo moja ulilolifanya haraka kwa kumsaidia mtu, likamwumiza. Ulilimalizaje?

Swali la tano hatudai lisomwe mbele ya wengine. Kila mtu ajijibu.

Ni sisi, kapita wenu wa internati, mwaka wa sita.